Mifupa ya Kinga

Mtu ana mifupa. Kinga nayo ina mifupa yake. Ndicho kiunzi kinachoshika kiti, usukani na magurudumu. Kinga nyingi za kwetu zina kiunzi cha chuma cha pua.

Gonga kiunzi hicho: kinalia, maana ndani ni kitupu. Ni mabomba. Kwa uzito ule ule wa chuma, bomba ni gumu kupinda kuliko fimbo iliyojaa. Mwaka 1897, huko Birmingham, Uingereza, Alfred Reynolds na mwenzake walipata njia ya kufanya bomba liwe nene kwenye ncha na jembamba katikati, kwani nguvu nyingi hukaza kwenye maungio.

Maungio hufanywaje? Fundi huingiza ncha za mabomba katika viungo vya chuma, huvitia moto mpaka vinakuwa vyekundu, kisha huyeyusha shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba hiyo hupenya nafasi zote, ikipoa inashika. Kazi hiyo ni kulehemu.

Viunzi vingine ni vya alumini. Alumini ina uzito karibu theluthi moja ya chuma. Lakini ikipasuka, moto wa kulehemu huipunguzia nguvu. Chuma cha pua ni rahisi zaidi kutengenezwa.

Kwa hiyo anayepeleka magunia ya makaa Lubumbashi kwa kinga atazame maungio kila juma, hasa yale ya chini ya usukani. Akiona ufa katika rangi, au mstari wa kutu, asipande. Apeleke kinga kwa fundi. Kiunzi kikivunjika mteremkoni, mtu huanguka kwa kichwa.

Maswali: Kwa nini mabomba ni matupu? Ufa hutafutwa wapi?