Daftari la Duka na Gazeti la Mji

Desemba 1931, benki ya mji wa Tenino ilifunga milango na haikuifungua tena. Tenino ni mji mdogo katika jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Enzi hizo ulikuwa na wakazi kama elfu moja, reli, misitu ya kukatwa magogo, na machimbo ya mawe ya mchanga yaliyokwisha kupoteza soko tangu wajenzi walipohamia kwenye zege. Mwenye dola 200 kwenye kitabu cha benki aliamka hana senti ya kununulia kibiriti. Mwenye duka naye alikuwa na bidhaa rafuni na wateja kaunta, lakini droo yake haikuwa na chenji. Krismasi ilikuwa wiki tatu mbele.

Wafanyabiashara wakakaa kikao. Wakakubaliana kwamba chama chao kitatoa hati za kutumika badala ya fedha. Mtu aliyekwamiwa na akiba benki aliweza kukikabidhi chama hadi robo ya akiba hiyo, naye akapewa hati za thamani ileile, na maduka ya mji yakaahidi kuzipokea. Siku benki itakapofilisiwa na mali yake kugawanywa, chama kitachukua fungu lake na kuzikomboa hati. Za kwanza zilikuwa za karatasi. Mwanzoni mwa 1932, Don Major, mwenye gazeti la Thurston County Independent, akazichapa kwenye vipande vya mbao vyembamba kama kadi, vya senti 25, senti 50 na dola 1. Habari ikazagaa nchi nzima. Watu wa mbali wakaandika barua kuomba kuzinunua kwa ukumbusho, na kila kipande kilichoishia kwenye albamu ya mkusanyaji kikawa deni lisilorudi kudaiwa.

Waliounda fedha hiyo ni wenye maduka na mwenye gazeti, na hilo halikutokea kwa bahati. Katika mji mdogo wa Marekani wa miaka ile, hao ndio walioshika vitabu viwili ambamo karibu kila mkazi aliandikwa jina: daftari la madeni na gazeti la wiki. Ukivisoma vitabu hivyo viwili, umeusoma mji.

Nchi ilivyokuwa

Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Kufikia 1933, mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, watu karibu milioni 13. Benki kama 9,000 zilianguka kati ya 1930 na 1933, na bima ya serikali kwa akiba za watu haikuanza mpaka Januari 1934. Rais Franklin Roosevelt alipoapishwa Machi 1933, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuzifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa ili zikaguliwe. Siku hizo miji mingi ilifanya kama Tenino: ikatoa hati zake yenyewe.

Miji midogo haikuumizwa na hisa, kwani wakazi wake wengi hawakuwahi kuiona hata moja. Iliumizwa na bei za mazao. Busheli moja ya ngano, iliyouzwa zaidi ya dola moja mwaka 1929, mwaka 1932 haikufika senti 40. Kuna wakulima wa mahindi waliochoma magunzi na mahindi yenyewe jikoni kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko zao lao. Mkulima asipouza, muuza duka hauzi; muuza duka asipouza, hakuna tangazo gazetini. Mnyororo ulikuwa mfupi hivyo.

Kahawa itamgusa msomaji wa kwetu. Ratili moja dukani Marekani ilishuka kutoka karibu senti 48 mwaka 1929 hadi karibu senti 26 mwaka 1933. Mama wa Tenino alishukuru. Mkulima wa Kilimanjaro, aliyetegemea soko hilohilo la dunia, alilia. Ni katika mwaka huo wa 1933 ambapo wakulima wa kahawa wa Moshi walianzisha ushirika wao wa KNCU.

Kaunta na daftari

Duka la vyakula la mji mdogo halikuwa mahali pa kuingia na kujichukulia. Ulisimama mbele ya kaunta ukataja haja yako, na mwenye duka au kijana wake akakuchotea sukari kutoka kwenye pipa, akakata jibini kutoka kwenye duara kubwa, akapima kwenye mizani, akafunga kwa karatasi ya kaki na uzi. Mafuta ya taa yalikuwa galoni kwa galoni, kwa sababu umeme haukuvuka mipaka ya mji: hadi katikati ya miaka ya 1930, shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa nao. Katikati ya duka palikuwa na jiko la makaa, na kulizunguka, wazee ambao hawakuja kununua kitu.

Kisha daftari. Aliyekulia karibu na duka la mtaani kwetu hahitaji kufundishwa namna lilivyofanya kazi. Jina, tarehe, unga, mafuta, sabuni, jumla. Mfanyakazi wa mbao alilipa siku ya mshahara, mkulima baada ya mavuno. Baba akija kulifuta deni, watoto waliondoka na kifuko cha peremende kama nyongeza. Mdororo wa uchumi ulipokaza, siku ya kulipa ikasogea, ikasogea tena, na muuza duka akabaki na uchungu wa kuchagua: kumkatia mkopo jirani anayekaa naye benchi moja kanisani, au kuendelea kuandika mpaka muuzaji wa jumla amkatie yeye. Wengi waliendelea kuandika, na wengi wao walifunga maduka wakiwa na madaftari yaliyojaa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ila hapa matanga yaliwekwa nyumbani kwa mkopeshaji.

Siku kubwa ilikuwa Jumamosi. Familia za mashambani zilikuja mjini na kreti za mayai na siagi, mali ya mama wa nyumba. Mwenye duka alihesabu mayai, akatoa thamani yake kwa kahawa, sukari na uzi, na kilichobaki akakiandikia hati ya kuchukulia bidhaa siku nyingine. Baba alikwenda kwa kinyozi na kwa muuza majembe. Vijana waliokuwa na senti tano walinunua chupa ya Coca-Cola. Wasiokuwa nazo walitembea barabara kuu, wakageuka, wakaitembea tena. Maduka yalikaa wazi mpaka usiku. Sinema nazo zilivuta wateja kwa kugawa sahani, moja kila wiki, hivyo mama aliyetaka seti nzima alilazimika kurudi wiki baada ya wiki.

Hata gunia lilikuwa bidhaa. Unga na chakula cha kuku viliuzwa katika magunia ya pamba, na akina mama waliyafumua na kushona nguo. Viwanda vilipogundua hilo, vikaanza kuyachapa maua na mistari, na lebo za karatasi zinazotoka kwa maji. Gauni moja lilihitaji magunia mawili matatu ya ua moja. Kwa hiyo mwanamume aliyetumwa chakula cha kuku alikwenda na kipande cha kitambaa mfukoni, akayainua magunia ghalani moja moja akitafuta linalofanana. Bila shaka yuko msomaji anayemfahamu mama aliyemtuma mtu Kariakoo kutafuta kanga ya pili ya jozi iliyopotea.

Barafu ililetwa na gari. Mwenye nyumba aliweka dirishani kadi yenye namba 25, 50, 75 na 100 pembeni, akaigeuza ili namba anayoitaka iwe juu, na muuza barafu akasoma ratili ngapi aingize bila kubisha hodi.

Gazeti la wiki

Gazeti la mji mdogo, ambalo mara nyingi lilitoka Alhamisi, lilikuwa kazi ya mtu mmoja na mkewe, pengine na kijana wa kupanga herufi. Kurasa za ndani zenye hadithi, mapishi na habari za dunia wengi walizipata zikiwa zimekwisha kuchapwa, kutoka kampuni kama Western Newspaper Union. Mhariri akaongeza kurasa za mji wake. Usajili ulikuwa dola moja na nusu au mbili kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alileta kuku, viazi au kuni. Posta ililisafirisha bure ndani ya wilaya yake.

Habari zake zingemchekesha mtu wa New York. Fulani na mkewe walikula chakula cha Jumapili kwa dada yake. Binti wa fulani amerudi kutoka chuo cha ualimu. Ng'ombe wa fulani amezaa mapacha. Kila kitongoji kilikuwa na mwandishi wake, mara nyingi mama wa shamba, aliyelipwa kidogo sana kwa kadiri ya urefu wa alichoandika. Nyingi ya habari hizo watu walikuwa wameshazisikia, kwa sababu nyumba kadhaa zilishirikiana waya mmoja wa simu, kila nyumba na mlio wake, na yeyote aliweza kuinua chombo akasikiliza ya jirani. Gazeti halikuwapa jambo jipya, liliwathibitishia. Kilichoandikwa kilikuwa kimetokea, na aliyeandikwa alikuwepo. Baada ya msiba, familia ililipia tangazo la shukrani kwa waliowafaa, sawasawa na matangazo tunayoyajua kwenye magazeti yetu. Na Tanganyika ya wakati huohuo, gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilipokea habari za mijini na vijijini kwa mkono wa wasomaji wenyewe.

Msomaji makini aliuona mdororo kwenye kurasa zilezile, ingawa haukupewa kichwa cha habari. Wahariri wengi walisita kuandika kwamba benki inayumba, wasije wakawa wao walioiangusha. Lakini orodha ya wasiolipa kodi ya ardhi ilirefuka. Matangazo ya minada ya mashamba yakaongezeka, na kwa kuwa matangazo ya kisheria yalilipiwa, msiba wa wakulima ndio uliolipa wino. Kwenye majimbo ya Iowa na Nebraska, majirani walijaa mnadani na kumfanya dalali apokee senti chache kwa trekta au jozi ya farasi, kisha mali hiyo wakamrudishia mwenyewe. Mgeni aliyetaka kupandisha bei alitazamwa mpaka akaelewa.

Wasioandikwa

Hapa lazima nisimame, kwa sababu daftari na gazeti havikuwa na nafasi sawa kwa watu wote. Kwenye miji ya kusini mwa Marekani, mteja mweusi alisubiri mpaka weupe wote wamehudumiwa, na mara nyingi hakuruhusiwa kujaribu kofia kabla ya kuilipia. Mkulima mweusi wa kugawana mazao alikopa katika duka la mwenye shamba kwa riba kubwa, na daftari lilishikwa na mkono uleule uliopima pamba yake. Mwisho wa mwaka aliambiwa anadaiwa bado; kubisha kulikuwa hatari. Gazeti la weupe, likimtaja, lilimnyima hata "Bwana". Ndiyo maana Chicago Defender, gazeti la watu weusi lililosafirishwa hadi kusini na wahudumu wa treni, lilikuwa na safu za habari za miji midogo: nani kaoa, nani mgonjwa, nani katembelewa na shangazi. Humo Bibi aliitwa Bibi.

Kwa watu hao, kutojulikana kulikuwa na nafuu yake. Katalogi ya Sears, kampuni iliyouza bidhaa kwa posta, ilimfikia yeyote. Fomu ya kuagizia haikuuliza rangi, na bei ilikuwa moja kwa wote.

Duka la mtindo mpya lilileta kutojulikana huko kwa kila mtu. Duka la Piggly Wiggly la Memphis lilianza mwaka 1916 kuwaacha wateja wajichukulie bidhaa. Agosti 1930, Michael Cullen alifungua King Kullen huko Queens, New York, ndani ya gereji ya zamani: bidhaa tele, bei ya chini, fedha taslimu, hakuna mkopo wala kupelekewa nyumbani. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli la kusukuma. Mtindo huo ulifika miji midogo pole pole, na ulipofika, hakuna aliyekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Wenye fedha walipata nafuu ya senti. Wasiokuwa nazo hawakuwa na ukurasa wa kuandikiwa.

Mbao tena

Tenino ya leo ina makumbusho ndani ya stesheni yake ya zamani ya reli, na humo ilihifadhiwa mashine ya kuchapia mbao. Mwaka 2020, virusi vya korona vilipofunga maduka na watu kukosa kazi, halmashauri ya mji iliitia mafuta na wino, ikachapa noti za mbao za dola 25. Mkazi aliyeathirika aliweza kupata hadi dola 300 kwa mwezi. Maduka ya mji yalizipokea kwa chakula na mahitaji ya nyumbani, si kwa pombe wala sigara, kisha yakazipeleka halmashauri kubadilishiwa. Mwenye noti hiyo akivuka mpaka wa mji, alibeba kipande cha mbao tu. Akirudi Tenino, aliweza kununua chakula.