"Mtandao Umekatika": Nani Mkataji?

Kauli ya kutendeka humficha mtenda: mtandao "umekatika", lakini nani ameukata? Piana-Mwanga, mahali palipojulikana kwa kituo cha umeme cha mto Luvua kilichojengwa kuhudumia migodi ya bati ya Manono, mtu huushuku umeme kwanza, wala si bure. Taa zote za modemu zikizimika kisha kuwaka upya, mkataji ni umeme, au adapta iliyochoka. Taa zikidumu, unganisha kompyuta kwa waya. Ikitulia, kosa limo katika waifai ya nyumbani. Isipotulia, huenda mawimbi ya nje ni hafifu: jaribu kusogeza modemu dirishani. Mwenye dishi la setilaiti atazame mawingu. Mvua kubwa hufyonza mawimbi. Kisha aandike saa ya kila mkatiko, ampe fundi.