Alama moja ya kutoa, na chemchemi zote zikahamia Ituri: namna nilijifunza kusoma ramani



Nilimaliza chuo kikuu nikijua miji mikuu karibu yote ya dunia. Mongolia? Ulaanbaatar. Uruguay? Montevideo. Kilasini waliniita Atlasi. Kumbe sikuwa nimefungua atlasi ya kweli hata siku moja. Shule yetu ya sekondari ilikuwa nayo moja tu, ikifungiwa katika kabati ya prefe, na wageni wakija njo inatolewa. Sisi tulinakili majina kutoka ubaoni mpaka kaye, tukayakariri, tukayatapika siku ya mtihani.

Kazi yangu ya kwanza ilinionyesha tofauti. Ilikuwa mkataba wa miezi mitatu: kuingiza katika ordinateri habari za chemchemi za maji za upande wa Goma. Kila chemchemi ilikuwa na namba mbili za kuonyesha mahali ilipo. Watu wa shambani waliandika kwenye karatasi, kwa mfano, 1.65 na herufi S pembeni. Mimi nikaandika 1.65 na kuendelea, maana ile S niliona kama pambo. Siku ya mkutano, ramani ikatolewa mbele ya wafadhili. Chemchemi zote zilikuwa katika misitu ya Ituri, kaskazini ya Mambasa. Shefu aliangalia ramani, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Mkataba ulipoisha hawakuniita tena.

Kwanza nilikasirikia ordinateri. Baadaye nikakubali: mtu anayejua ramani angeona lile kosa kabla ya kuwasha mashine. Nikaenda sokoni, nikanunua atlasi ya zamani isiyo na jalada, na nikaanza upya. Haya ndiyo niliyopata mule.

1. Anza na ikweta, maana inapita kwetu

Ramani ya dunia inagawanywa na mistari. Ile inayolala kutoka mashariki hadi magharibi inapima latitudo, yaani umbali wako kutoka ikweta, kwenda kaskazini ama kusini. Ile inayosimama kutoka ncha hadi ncha inapima longitudo, yaani umbali wako kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza.

Katika ordinateri hakuna herufi S. Kusini ya ikweta tunaweka alama ya kutoa mbele ya namba, na magharibi ya Greenwich pia. Mtu wa Ufaransa akiisahau alama ya latitudo hapotezi kitu, kwa sababu nchi yake ya Ulaya iko yote kaskazini. Sisi ikweta inatukata. Kisangani na Butembo ziko kaskazini kidogo, Goma, Bukavu, Kinshasa na Lubumbashi ziko kusini. Mbandaka iko karibu kabisa na mstari wenyewe.

Hesabu ya kosa langu ni hii. Goma iko karibu digrii 1.68 kusini. Mimi niliipeleka 1.68 kaskazini. Tofauti ni digrii 3.36. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Zidisha: kilomita 373. Alama moja ndogo, na mama aliyekuwa anachota maji kando ya mji alijikuta msituni Ituri.

Longitudo nayo inakupa saa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo digrii 15 ni saa moja. Kinshasa iko karibu digrii 15 mashariki, Lubumbashi karibu 27, Bukavu karibu 29. Njo maana nchi yetu ina saa mbili tofauti. Ukialikwa kwa mahojiano ya kazi saa nne asubuhi ya Kinshasa nawe uko Bukavu, kwako ni saa tano. Nimeona mwenzetu amekaa mbele ya simu saa nzima akidhani wamemsahau.

2. Kipimo: sentimita moja ni kilomita ngapi?

Chini ya ramani utaona kitu kama 1:5,000,000. Wafaransa wanaita échelle, sisi tuseme kipimo. Maana yake: sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita milioni tano kwenye ardhi. Kata sifuri tano, unapata kilomita 50.

Chukua late, pima Goma mpaka Bukavu kwenye ramani ya aina hiyo. Unapata karibu sentimita 2, yaani kilomita 100. Lakini aliyepita kwa barabara atakwambia ni karibu mara mbili ya hiyo. Wote wawili wana haki. Late inapima kama ndege, barabara inafuata milima na kingo za Ziwa Kivu. Kwa hiyo ukiandika mradi ama bajeti ya safari, usichukue mstari ulionyooka ukaita safari. Mafuta ya gari hayajui mstari ulionyooka.

3. Kila ramani bapa inadanganya mahali fulani

Menya chungwa, kisha jaribu kulaza ganda lake juu ya meza bila kulipasua. Haiwezekani. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa, basi mchora ramani lazima achague kitu cha kuharibu: ama umbo, ama ukubwa, ama umbali, ama mwelekeo.

Ramani iliyotundikwa katika shule nyingi inatokana na Gerardus Mercator, mtu aliyezaliwa Rupelmonde mwaka 1512, mahali ambapo leo ni Ubelgiji. Aliitoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Faida yake ni kwamba ukichora mstari ulionyooka kati ya bandari mbili, unaweza kuushika kwa dira bila kubadili mwelekeo. Kwa baharia ni zawadi kubwa. Bei yake ni kwamba kadiri unavyoikaribia ncha ya dunia, nchi zinavimba.

Fungua ramani ya Mercator uangalie Greenland. Inaonekana kubwa karibu kama Afrika yote. Sasa soma namba: Afrika ina karibu kilomita za mraba milioni 30, Greenland karibu milioni 2.17. Afrika inaizidi karibu mara 14. Na hili njo liliniamsha: Kongo yetu peke yake ina karibu kilomita za mraba milioni 2.34. Sisi ni wakubwa kuliko Greenland! Ubelgiji, iliyotutawala, inaingia ndani yetu zaidi ya mara 75.

Si kwamba Mercator alikaa akipanga kutudharau. Alitengeneza chombo cha baharini, na watu wakakitundika kilasini. Lakini mtoto anayeangalia ukuta ule miaka sita anabaki na picha kichwani ya bara dogo, na hakuna aliyemwambia kwamba picha imevimba juu na kubana katikati. Mnamo Agosti 2025, Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuacha Mercator mashuleni na maofisini na kutumia ramani kama Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018, ambayo inalinda ukubwa wa nchi. Nayo inaharibu kitu: maumbo ya pembeni yanapinda. Swali la kuuliza ramani yoyote ni moja: wewe umetengenezwa kwa kazi gani?

4. Weka ramani mbili pamoja, zitakujibu "kwa nini"

Hapa njo raha ilianza kwangu. Jina la mji ukilikariri linabaki jina. Ukiweka ramani ya mito juu ya ramani ya miji, jina linapata sababu.

Kwa nini Kisangani iko pale? Fuata mto kwa kidole. Kutoka Kinshasa meli inapanda zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kisangani, halafu inakutana na maporomoko ya Boyoma. Meli haiwezi tena, mizigo inashuka, watu wanakaa, mji unazaliwa. Kwa nini Matadi? Kwa sababu ile ile, upande wa bahari: meli zinapanda kutoka Atlantiki mpaka pale, halafu zinazuiwa na maji makali. Reli ya Matadi mpaka Kinshasa, iliyomalizika mwaka 1898, ilijengwa ili kuruka kizuizi hicho. Ramani moja, na historia nzima ya biashara yetu.

Sasa peleka kidole kwenye ikweta, uzunguke dunia. Kutoka Gabon unaingia Kongo-Brazzaville, kwetu, Uganda, Kenya, Somalia. Unavuka Bahari ya Hindi, unafika Indonesia, unavuka Pasifiki, kisha Ekwado, Kolombia, Brazili, na Atlantiki na visiwa vya São Tomé na Prinsipe. Halafu fungua ramani ya mimea. Amazoni, msitu wa Kongo, msitu wa Borneo: yote iko juu ya mstari ule ule. Jua kali linapandisha hewa yenye unyevu, hewa inapoa, mvua inashuka. Na kwa kuwa bonde la mto Kongo liko pande zote mbili za ikweta, upande mmoja ukiwa na kiangazi upande mwingine una mvua, na mto haukauki.

Lakini Somalia je? Iko kwenye ikweta na ni kavu. Hapo usikimbie, fungua ramani ya pepo. Sehemu kubwa ya mwaka pepo za msimu zinapita sambamba na pwani ile, haziingizi mvua nyingi ndani. Ramani ya kwanza inakupa kanuni, ya pili inakuonyesha mahali kanuni inavunjika. Mtu wa kukariri hafiki hapo.

5. Angalia mwaka wa ramani

Atlasi yangu inaita nchi yetu Zaire. Basi najua ilichorwa kati ya 1971 na 1997. Ukiona Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville, ni kabla ya majina kubadilishwa mwaka 1966. Ukiona Kongo yenye mikoa 11, ni kabla ya 2015, maana leo tuna 26. Ukikosa Sudan Kusini, jirani yetu wa kaskazini-mashariki, ramani ni ya kabla ya 2011.

Atlasi nzee si ya kutupa. Milima na mito haijahama. Ila mipaka na majina ni kazi ya watu, na watu wanabadilika. Ukitumia ramani katika kazi yako ya mwisho wa masomo, andika mwaka wake. Profesa mwenye macho ataanza na hapo.

6. Namna ya kuanza bila pesa nyingi

Si lazima ununue atlasi mpya. Za mitumba zinapatikana pale wanapouza vitabu chini. OpenStreetMap inatumika bure, na kuna programu kama OsmAnd zinazokuruhusu kupakua ramani ya eneo lako mara moja, halafu unaisoma bila kuchoma mega. Kumbuka tu kwamba ramani nyingi za simu zimejengwa juu ya aina ya Mercator. Usipime ukubwa wa nchi kwa macho mule.

Mimi nafanya hivi: nchi moja kwa juma. Jumatatu naiangalia dakika ishirini, na kujiuliza maswali matano. Iko latitudo gani? Inapakana na nani? Maji yake yanaelekea wapi? Watu wamejazana wapi, na kwa nini pale? Inauza nini, na kinapita njia gani mpaka baharini? Jumamosi nafunga atlasi na kuichora kwa krayo, kwa kichwa tu. Halafu nafungua na kulinganisha. Mchoro wangu wa kwanza wa Kongo, nchi niliyozaliwa, ulikosa pwani yetu ya Muanda kabisa. Niliifunga nchi yangu mwenyewe pasipo bahari, mimi niliyejua Ulaanbaatar.

Mwaka uliopita nilipata kazi nyingine, tena ya kuingiza namba. Juma la kwanza nililetewa orodha ya shule za upande wa Uvira. Kabla ya kugusa ordinateri nilifungua ile atlasi isiyo na jalada, nikaweka kidole juu ya Uvira, nikateremka pembeni kusoma latitudo: zaidi kidogo ya digrii 3 kusini. Nikarudi kwenye orodha. Mistari kumi na miwili haikuwa na alama ya kutoa. Nikaiweka, moja moja, nikamwita kijana aliyeileta. Ni mhitimu wa mwaka jana. Sikumgombeza. Nilimwonyesha ikweta inapita wapi.