Pua ya Mtu Aliyelala

Askari atokapo katika zamu ya usiku huvua viatu vilivyolowa jasho, akavisukuma chini ya kitanda, akajitupa kulala. Aamkapo huwa amenuna, na mkewe hudhani kwamba amechukizwa na maneno ya jana. Huenda kosa limo chini ya kitanda. Macho hufumbwa usingizini, lakini pua hubaki wazi muda wote mtu avutapo pumzi.

Mfaransa mmoja, Hervey de Saint-Denys, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1867 jinsi alivyosafiri na manukato mapya hadi Vivarais, nchi ya milima, akayanusa kila siku alipokuwa huko. Miezi kadhaa baada ya kurejea kwake, mtumishi wake aliagizwa adondoshe matone machache juu ya mto, usiku ambao bwana mwenyewe asingeujua. Bwana akaota milima ya Vivarais.

Mwaka 2008 madaktari wa Mannheim, Ujerumani, walitangaza jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi. Wanawake vijana 15 walilazwa katika maabara. Walipofikia usingizi wa ndoto, wakati macho huchezacheza chini ya kope, walipulizwa puani harufu ya waridi au ya mayai viza kwa sekunde 10; dakika moja baadaye wakaamshwa na kuulizwa ndoto zao. Ni nadra aliyeota waridi au yai lenyewe. Hata hivyo, waliopata waridi waliota mambo ya furaha zaidi, na waliopata mayai viza waliota mambo ya kuchukiza. Sababu ni kwamba harufu hufika upesi katika sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo kipokeacho sauti na nuru. Akina mama wa pwani, ambao tangu zamani hutawanya asumini kitandani, hawakungojea maabara.

Lakini pua hiyo ibadilishayo ndoto ni mlinzi mbovu. Katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu waliozama usingizini mara nyingi hawakuamshwa na harufu, hata ya kemikali yenye uvundo mkali. Sauti ndiyo iliyowaamsha. Basi asidhani mtu kwamba moshi utamwamsha nyumba ishikapo moto. Ubaya zaidi ni wa jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi, kwani gesi yake yenye kuua, kaboni monoksaidi, haina harufu kabisa, hata kwa aliye macho.

Kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana limezimika, na dirisha liachwe wazi kidogo. Viatu navyo vianikwe barazani.