Mchikichi unapopanda mlima: Ngara na Biharamulo wapime kwanza

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu mti ambao wengi wetu tunaufahamu kwa mafuta yake kuliko kwa sura yake. Mti huo ni mchikichi, mama wa mawese.

Kwa miaka mingi nchi yetu imekuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayoyatumia, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya michikichi ya Malaysia na Indonesia. Mama wa Manzese anayekaanga vitumbua na baba wa Igoma anayenunua kibaba cha mafuta dukani wote wanalipia safari hiyo ndefu ya baharini. Ndiyo sababu mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Kassim Majaliwa, alikwenda Kigoma kuhimiza kilimo cha michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora.

Habari hizo hazikuishia Kigoma. Kutoka njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, barabara inateremka kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma mjini. Basi si ajabu mtu wa Rulenge au Biharamulo, ambaye anafanya kazi Mwanza au Dar es Salaam na anakaribia kupata kiinua mgongo chake, akajiuliza: Ikiwa mchikichi unastawi kwa jirani zangu wa Kigoma, kuna ubaya gani nikipakia miche mia mbili kwenye lori nikaipande nyumbani kwa wazee?

Jibu ni kwamba miche hiyo itaota. Tena itatoa makuti mazuri ya kijani na kuupendezesha uwanja. Lakini kuota ni jambo moja na kuzaa mafuta ni jambo jingine. Mtu asiyetofautisha mambo hayo mawili anaweza kutunza shamba kwa miaka mitano au sita, kisha akavuna kivuli.

Kwanza, tuangalie suala la mwinuko. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Ngara uko karibu mita 1,800. Mji wa Biharamulo uko kati ya mita 1,400 na 1,500, na bonde la mto Kagera pale Rusumo liko karibu mita 1,300. Kwa kawaida kila tunapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Sentigredi. Kwa hesabu hiyo, mtu akitoka ufukweni Kigoma hadi Ngara mjini, joto la wastani hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ikiwa Kigoma wastani wa mwaka ni kama nyuzi 24, Ngara mjini ni chini ya nyuzi 20.

Sasa, mchikichi wenyewe unataka nini? Mchikichi ni mti wa misitu ya joto ya Afrika ya Magharibi na bonde la Kongo. Unapenda joto la wastani la nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Huko Malaysia na Indonesia mashamba makubwa mengi yako chini ya mita 500, kwa hiyo hata Kigoma yetu kwa hesabu za wenzetu ni mahali pa juu. Wataalamu waliopima ukuaji wa miche waligundua kwamba joto likishuka hadi nyuzi 15 mche unasimama, haukui. Mche unaopata nyuzi 25 hukua kwa kasi inayozidi mara mbili ya ule unaopata nyuzi 20. Hii ina maana kwamba baridi ya Ngara haiuui mchikichi, bali inauchelewesha. Majani huchelewa kutoka, na kwa kuwa kila ua hutoka kwenye kwapa la jani, maua nayo huchelewa. Mkungu ambao kwenye joto huiva kwa miezi mitano au sita tangu ua lipate chavua, kwenye ubaridi huchukua muda mrefu zaidi. Hesabu ya mafuta kwa mwaka inapungua hapo.

Jirani zetu wa Burundi wanalijua jambo hili. Kilimo chao kikubwa cha michikichi kiko Rumonge, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Milimani wanalima kahawa, chai na ndizi, na mawese huyapandisha kwa gari.

Lakini, ndugu wasikilizaji, mwinuko si hakimu peke yake. Katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala nchini Uganda, michikichi imepandwa kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 2000, na kiwanda kinakamua mafuta. Kisiwa hicho kiko katika Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134. Kwa hiyo shamba lolote la Kalangala liko juu kuliko Kigoma kwa mamia ya mita, na halipishani sana na nchi ya chini ya Biharamulo inayoelekea Chato. Mbona huko miti inazaa?

Sababu ni maji. Kalangala hupata mvua zinazofikia milimita 2,000 kwa mwaka, nazo zimetawanyika katika miezi mingi. Ziwa nalo huzuia usiku usiwe wa baridi kali. Ngara na Biharamulo hupata karibu nusu ya mvua hizo, na kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Bahati mbaya ni kwamba kiangazi hicho ndicho chenye usiku wa baridi zaidi. Mti unapigwa na adui wawili kwa wakati mmoja.

Na mchikichi una tabia ya kuweka kinyongo. Mti mmoja hutoa maua ya kiume kwa kipindi fulani na maua ya kike kwa kipindi kingine, na ni maua ya kike tu yanayogeuka kuwa mikungu. Uamuzi wa ua kuwa dume au jike hufanyika ndani ya mti karibu miaka miwili kabla ya ua kuchanua. Mti ukipata shida ya maji, hutengeneza maua mengi ya kiume. Kwa hiyo mkulima anayeona mikungu michache mwaka huu asimlaumu jirani kwa uchawi. Huenda anavuna ukame wa mwaka juzi.

Je, basi tuseme mlango umefungwa? La, hasha. Iko michikichi inayovumilia ubaridi, na habari ya asili yake inatuhusu sisi wenyewe. Watafiti wa kampuni ya mbegu ya ASD huko Costa Rica walitafuta miti inayoweza kuzaa mahali pa juu. Hawakuitafuta Malaysia. Waliipata katika nyanda za juu za Bamenda nchini Kamerun, na katika mkoa wetu wa Kigoma. Miti hiyo ilikuwa imeishi vizazi na vizazi mbali na joto la pwani. Wakaichanganya na madume ya ukoo wa Ekona, nao pia wa Kamerun. Moja ya mbegu zilizotokana na kazi hiyo huitwa Tanzania kwa Ekona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipeleka mbegu za namna hiyo magharibi mwa Kenya na katika nchi nyingine za Afrika zenye ubaridi, ili wakulima wadogo wazijaribu.

Basi tunaona kwamba damu ya mchikichi wa mlimani imetoka kwetu, ikavuka bahari, ikaboreshwa, ikarudi Afrika. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbegu ya kufaa Biharamulo haiokotwi chini ya mti wowote wa Kigoma. Inaundwa.

Hapa tuingie katika jambo linalowaponza wengi, nalo ni aina ya mbegu. Mchikichi una aina tatu. Dura ina gamba nene la kokwa, la milimita 2 hadi 8, na nyama kidogo ya kutoa mafuta. Pisifera haina gamba, lakini mara nyingi haizai vizuri. Tenera ni mtoto wa hao wawili: gamba lake ni jembamba na nyama ni nyingi. Siri hiyo ilifumbuliwa na watafiti wa kituo cha Yangambi, nchini Kongo, mwaka 1941. Ukichanganya dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Lakini ukiokota mbegu chini ya tenera nzuri ya jirani na mti huo umepata chavua ya tenera mwenzake, robo ya watoto watakuwa dura, nusu watakuwa tenera, na robo watakuwa pisifera. Yaani katika miche 100, kama 50 haitakuwa ile uliyoitamani, na hutajua ni ipi mpaka izae.

Ni rahisi kuitambua tenera ikishazaa. Kata tunda kwa kisu kikali upande kwa upande. Ukiona duara la nyuzinyuzi nyeusi limezunguka gamba la kokwa, hiyo ni tenera. Lakini anayenunua mche hawezi kukata tunda lisilokuwapo. Hana budi kununua mahali panapojulikana wazazi wa mche. Tena mbegu ya mchikichi hulala usingizi mzito. Vituoni huamshwa kwa kuwekwa kwenye joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa miezi miwili au zaidi. Kuifukia kwenye udongo baridi wa Ngara na kungoja ni kupoteza wakati. Afadhali kununua iliyokwisha kuchipua, au mche wa kitalu wenye umri wa mwaka mmoja.

Kuhusu mahali pa kupanda, wengi hudhani kwamba palipo chini kabisa ndipo penye joto. Mchana ni kweli. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo mahali pa kufaa ni mteremko wa chini, juu kidogo ya bonde, ambapo udongo ni wenye kina na maji hayatuami. Mchikichi usipandwe chini ya migomba, kwa maana unataka jua kamili. Nafasi ya mita 9 kwa 9 inatosha, na ekari moja hubeba miti 50 hivi. Katika miaka mitatu ya kwanza, maharage ambayo watu wa Ngara wanayalima kwa ustadi yanaweza kupandwa katikati, mradi yasisonge shina. Matandazo ya majani makavu yawekwe kuzunguka mti kabla ya kiangazi.

Kadhalika, miti isitawanywe mmoja huku na mwingine kule mpakani mwa shamba. Chavua ya mchikichi hubebwa hasa na wadudu wadogo jamii ya fukusi, wanaozaliana katika maua ya kiume. Malaysia ililazimika kuwaagiza wadudu hao kutoka Kamerun mwaka 1981, kwani kabla ya hapo vibarua walikuwa wakipaka chavua kwa mikono. Miti michache iliyotengana haiwezi kuwatunza wadudu hao.

Nini basi ushauri wetu? Kwa mwenye shamba Ngara ya juu, penye mita 1,600 na zaidi, mchikichi uwe pambo, si tegemeo. Akitaka mafuta, alizeti huvunwa kwa miezi minne hivi na haiogopi ubaridi huo. Akitaka mti wa jamii ya mnazi usiotishwa na baridi, anao tayari mabondeni: mkindu, ambao ukindu wake husukwa mikeka. Hata Waingereza wanapanda bustanini aina moja ya mti wa jamii hiyo kutoka milima ya China, unaostahimili theluji. Lakini wanautazama tu, hawaukamui mafuta.

Kwa mwenye shamba Biharamulo ya chini au kwenye miteremko ya mto Kagera, ajaribu, lakini ajaribu kwa kiasi. Apande miti kumi kwa pamoja, si mia mbili. Amwulize muuza miche maswali matatu: wazazi wake ni nani, je, ni tenera ya kweli, na wazazi hao walizaa kwenye mwinuko wa mita ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza majani.

Na kwa wakubwa wetu wa kilimo, ingefaa Kihinga ya Kigoma na kituo cha Maruku huko Bukoba washirikiane kupanda mashamba ya majaribio katika wilaya hizi mbili, kwa vimo mbalimbali, na matokeo yatangazwe kwa wakulima, hata kama ni mabaya. Kosa katika maharage hurekebishwa msimu unaofuata. Kosa katika mchikichi hukaa shambani miaka 25. Mzee aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika mti huo hana miaka 25 mingine ya kungoja.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili. Kwaherini.