Neno 'Mlinganyo' katika Kemia ya Asidi na Kaboneti

Jiwe la matumbawe lililojenga nyumba kongwe za Lamu ni kalsiamu kaboneti kwa kiasi kikubwa. Likidondoshewa asidi ya haidrokloriki hutoa mapovu. Asidi hupoteza ukali wake, na hupatikana chumvi, maji na gesi ya kabonidioksidi. Mwanafunzi huandika:

CaCO₃ + HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Dutu zote zimetajwa, ila klorini ni moja kushoto, mbili kulia. Wengine hukimbilia kuandika CaCl, yaani kubuni chumvi isiyokuwapo! Fomula haiguswi; hutangulizwa 2:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba kemia wangelitazama neno 'mlinganyo'. Lina mzizi mmoja na 'lingana', hivyo kanuni imo ndani ya istilahi yenyewe.