Swichi ya Cheche katika Pikipiki za Milimani

Wanafunzi wengi wa shule yetu wazijua pikipiki za bodaboda, na wengine huja shuleni juu yake kila siku. Karibu zote ni za mipigo minne. Lakini ziko pikipiki nyingine, nyembamba, zilizoinuka juu, zenye matairi ya meno makubwa, ambazo hazikuundwa kwa ajili ya abiria wala lami. Kazi yake ni kupanda miamba, kuvuka mito na kupita msituni, na nyingi katika hizo ni za mipigo miwili. Juu ya usukani wa baadhi yake iko swichi ndogo. Ukiibonyeza, pikipiki iliyokuwa kali huwa na upole, wala hapana kitu kilichoongezwa katika tangi, wala skrubu iliyofunguliwa. Kinachobadilika ni wakati wa cheche tu.

Kwanza yafaa tukumbuke injini ya mipigo miwili inavyofanya kazi. Pistoni ikipanda, hushindilia hewa na petroli iliyomo ndani ya silinda, na papo hapo huvuta nyingine chini yake. Ikishuka, husukumwa na moto, hutoa moshi na kuingiza hewa mpya. Basi kila mzunguko mmoja wa krenki una moto wake, hali injini ya bodaboda hupata moto mara moja katika mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, plagi hutoa cheche 100 katika kila sekunde moja.

Watu husema petroli hulipuka ndani ya silinda. Kwa kweli haipaswi kulipuka. Yapasa iungue, kama moto wa nyika unaoanzia pembeni na kusambaa. Kusambaa huko kwahitaji muda, nao ni mfupi sana, lakini pistoni haingoji. Katika kasi ile ya mizunguko 6000, sehemu moja ya elfu ya sekunde yatosha krenki kuzunguka digrii 36. Kwa hiyo cheche hutolewa mapema, kabla pistoni haijafika kileleni, ili moto uwe umekomaa wakati pistoni inapoanza kushuka. Hapo ndipo msukumo unapokuwa mkubwa.

Cheche ikichelewa, moto huikimbilia pistoni iliyokwisha kuanza safari ya kushuka, na sehemu ya nguvu hupotea kwa joto la ekzosi. Ikiwahi mno, moto huisukuma pistoni kabla haijafika juu, injini hugonga kama nyundo, na pistoni yaweza hata kutoboka. Wapandaji wa kale walilijua jambo hili kwa miguu yao. Pikipiki za miaka ya 1920 zilikuwa na kiwiko usukanini cha kuwahisha na kuchelewesha cheche, na mtu aliyesahau kuichelewesha kabla ya kupiga stati aliweza kurudishiwa teke na injini yenyewe. Swichi ya leo ni mjukuu wa kiwiko kile.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashangaza wengi. Mtu aliyejifunza injini za magari atasema kwamba kasi ikizidi, cheche na iwahi zaidi. Katika injini ya mipigo miwili mambo hayaendi hivyo mpaka mwisho. Tazama ekzosi yake: haikunyoka, ina tumbo kubwa katikati. Tumbo hilo si pambo. Moshi ukitoka kwa nguvu, wimbi lake hufika mwisho wa tumbo, hurudi nyuma, na kuirudisha silindani hewa mpya iliyotaka kutoroka na moshi. Lakini wimbi husaidia likirudi kwa wakati wake tu. Katika kasi ndogo hurudi mapema mno, na injini huwa kama imelala. Kasi ikifika mahali panapopatana na ekzosi, silinda hujaa ghafula na pikipiki huruka mbele. Mpandaji asiyezoea huachwa na usukani peke yake mikononi.

Kasi ikizidi kupita hapo, wimbi huchelewa. Ndipo waundaji walipogundua hila: wakiichelewesha cheche kidogo katika kasi kubwa, moshi hutoka na joto zaidi, na katika moshi wa moto wimbi husafiri upesi zaidi. Kwa hiyo injini huendelea kuvuta pale ambapo ingekata tamaa. Ndiyo sababu wakati wa cheche haulingani katika kasi zote. Ukiuchora kwenye karatasi ya grafu, kasi ya injini chini na digrii za cheche ubavuni, utapata mstari unaopanda kisha kushuka. Mstari huo ndio unaoitwa ramani ya cheche, nao umewekwa ndani ya kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita CDI.

Kisanduku chaweza kuwekwa ramani mbili, na kazi ya swichi ni kukiambia kisome ipi. Tuseme kwa mfano ramani kali yatoa cheche digrii 18 kabla ya kilele, na ile ya upole digrii 12. Tofauti ni digrii 6. Katika mizunguko 6000, digrii hizo 6 ni sehemu moja ya 6000 ya sekunde! Hata hivyo mpandaji huihisi mara moja, maana nguvu hupanda polepole badala ya kuja kwa mshindo. Katika pikipiki nyingine, kama zile za Beta za Italia, swichi imechorwa jua na mvua, nadhani kwa sababu ni rahisi kukumbuka kuliko digrii. Katika nyingine hapakuwa na swichi, ila waya mbili chini ya tangi za kuunganisha au kutenganisha. Na katika zile za karibuni, ambazo petroli hupuliziwa ndani badala ya kupita katika kabureta, swichi hiyo hiyo yaweza kubadili hata kiasi cha petroli.

Huenda msomaji akauliza, nani atataka kupunguza nguvu ya pikipiki yake? Na atazame mlima wa Erzberg katika Austria, juu ya mji wa Eisenerz. Huo ni mgodi wa chuma uliochimbwa kwa ngazi kubwa, na tangu 1995 kumekuwa na mashindano huko. Siku ya mwisho wapandaji 500 huanza safari ya kilometa 35 hivi, wakiwa na saa 4 tu za kuimaliza, na wengi sana hawafiki. Mwaka 2015 Jonny Walker, Graham Jarvis, Andreas Lettenbichler na Alfredo Gómez, waliokuwa mbele ya wote, walifika kwenye mteremko wa msitu uliowashinda. Wakashuka, wakazivuta pikipiki zao moja moja kwa mikono, wakisaidiana, na wote wanne wakahesabiwa washindi. Injini zao hazikukosa nguvu. Kilichokosekana ni tairi kushika ardhi.

Tairi ikishika ardhi husukuma. Ikiteleza huchimba tu. Juu ya jiwe lililolowa au mizizi, nguvu inayokuja ghafula huitelezesha tairi kabla mpandaji hajawahi kurudisha mkono. Hapo ramani ya upole ndiyo inayofaa, na kadhalika saa ya mwisho ya safari, mikono ikiwa imechoka na kuvuta mafuta bila kupima. Lakini isidhaniwe kuwa ni dawa ya kila kitu. Katika mchanga mzito, au mlima mrefu unaotaka mwendo, ramani ya upole humwacha mtu katikati na injini inayozimika. Tena ziko hodari wanaoacha ramani kali siku zote na kutuliza nguvu kwa klachi. Kwa maoni yangu, anayeanza angejifunza klachi kwanza na swichi baadaye, kwa kuwa swichi ina hali mbili tu, na kidole kilicho juu ya klachi kina nyingi.

Atakayetaka kujua ipi inafaa, na afanye kama tufanyavyo maabarani: abadilishe kitu kimoja tu. Achague mlima mmoja mfupi, gia ileile, upepo wa tairi uleule, apande mara tatu kwa ramani moja na mara tatu kwa nyingine, na mwenziwe asimame kando kutazama tairi ya nyuma. Mtazamaji mara nyingi huona kweli kuliko mpandaji, kwa sababu injini yenye kelele humdanganya aliye juu yake kuwa anakwenda upesi. Wakati wa kugeuza swichi yafaa mafuta yafungwe kwanza, na kitabu cha pikipiki husika kifuatwe, maana si zote zilizo sawa.

Na ikiwa swichi yageuzwa wala mabadiliko hayaonekani, mara nyingi kosa si la kisanduku. Swichi hukaa mahali pa maji na matope, na waya wake hupinda kila usukani unapopinda. Maji yakiingia, au waya ukikatika ndani ya ganda lake, kisanduku hubaki kusoma ramani ileile moja. Fundi hutoa plagi ya waya, huikausha, kisha hupima kwa mita kama umeme wapita swichi ikifungwa na kukatika ikifunguliwa.